Tukae meza moja na washindani wetu? Jibu kwa mhandisi wa uchenjuaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa uchenjuaji, yaani kazi ya kutoa dhahabu kwenye mawe, katika mgodi wa dhahabu wa ukubwa wa kati. Chuo kikuu kimetualika kwenye mradi wa utafiti wa pamoja wa miaka mitatu, unaohusu usagaji wa mbale (mawe yenye madini) na namna ya kupunguza umeme unaotumika. Kampuni tano zitachangia sawasawa, na tatu kati yake ni washindani wetu. Meneja wangu anasema tutatoa siri zetu bure, kisha tubaki na ripoti nene kabatini. Mimi naona kuna faida ila sina hoja ya kumshawishi. Nimshauri nini? Na tukiingia, tufanyeje ili tusije tukajuta?

Jibu: Marahaba, mhandisi. Usimbeze meneja wako, kwa sababu nusu ya hofu yake ni ya kweli. Ripoti nene kabatini nimeziona kwenye migodi mingi, nyingine bado zimefungwa na ile plastiki ya mchapishaji. Nitafika huko. Lakini ile nusu ya kwanza, ya siri, ameikosea, na afadhali nianze nayo kwa kuwa ndiyo inayofunga milango kabla hata mazungumzo hayajaanza.

Mwombe meneja akutajie siri yenyewe ni ipi. Dhahabu yenu inauzwa kwa bei ya soko la dunia. Mgodi jirani ukizalisha zaidi hauwaondolei mteja hata mmoja. Mwamba wenu uko chini ya leseni yenu na hakuna atakayeubeba. Siri za kweli za mgodi ni mahali mnapokusudia kuchoronga mwakani, leseni mnayoiwinda, bei mliyokubaliana na muuzaji wa sianidi, na makadirio ya uzalishaji ambayo wanahisa hawajatangaziwa. Katika hizo, utafiti wa usagaji hauhitaji hata moja. Wenyewe unataka kujua mawe yanayoingia kinuni yana ukubwa gani, tani ngapi kwa saa, kinu kinazunguka kwa kasi gani, mipira ya chuma imejaa kiasi gani, na kinakula kilowati ngapi. Mshindani akijua kwamba kinu chenu kinavuta megawati tano, atafanya nini nazo?

Tena mengi ya hayo wanayajua tayari. Muuzaji wa mipira anaingia kwenu na kwao. Fundi aliyebadilisha bamba za ndani ya kinu chenu mwezi uliopita, mwezi ujao atakuwa kwao. Wahandisi wenyewe wanahama kampuni kila baada ya miaka michache na vichwa vyao wanaondoka navyo. Tofauti ni kwamba maarifa yanayosafiri kwa njia hiyo hufika vipande vipande, hayajapimwa, na hakuna anayejua lipi ni kweli.

Sekta hii iliwahi kujaribu njia ya kufungiana. Teknolojia ya kuelea kwa povu, inayotenganisha madini ya salfaidi (yenye salfa) na mawe yasiyo na thamani, ilipata hataza yake kuu, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1905, na kampuni iliyoishika, Minerals Separation, ikatumia miaka mingi mahakamani kudai haki yake. Kesi moja ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwaka 1916. Silaumu aliyevumbua kutaka chake. Ninachokiona ni kwamba akili nyingi nzuri zilitumika kubishana nani alimwaga mafuta kiasi gani kwenye tope la mawe yaliyosagwa, wakati kwa nini povu libebe chembe hii na liache ile kulikuwa bado hakujaeleweka vizuri.

Sasa linganisha na kilichotokea Australia. Chama cha utafiti cha kampuni za madini, AMIRA, kilianzishwa mwaka 1959. Mwaka 1962 kikaanza mradi uliopewa namba tu, P9, uliofanyika Chuo Kikuu cha Queensland chini ya Alban Lynch. Wazo lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: tuache kusaga kwa mazoea, twende mtambo kwa mtambo, tupime kila kijito kinachoingia na kutoka, kisha tutafute hesabu inayoeleza kinu kinavyofanya kazi. Kazi nyingi za mwanzo zilifanyika kwenye mitambo ya mgodi wa Mount Isa. Mradi ukaongezwa muda awamu baada ya awamu kwa miongo kadhaa, wafadhili wakiingia na kutoka, na vyuo vya nchi nyingine vikajiunga. Ndani yake kikazaliwa kituo cha utafiti cha JKMRC mwaka 1970, na baadaye programu ya kompyuta ya JKSimMet, ambayo huenda wewe mwenyewe umeitumia kukisia kitatokea nini ukibadilisha saikloni, kile chombo kinachotenga chembe kubwa na ndogo.

Nataka uone kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu watu husikia neno utafiti wakadhani ni mambo ya ofisini. Siku ya kupima mtambo huanza kwa kuusubiri utulie. Tani zinazoingia, maji na umeme havitakiwi kupandapanda, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba mtambo wao haujawahi kutulia hata saa moja mfululizo. Ukitulia, watu husimama kila mmoja kwenye kituo chake na kikata sampuli mkononi, na kila dakika kadhaa, kwa ishara moja, wanakata tope linalotoka kinuni, linaloingia kwenye saikloni, linalotoka juu na linalotoka chini. Sampuli ya mwisho ikishaingia kwenye ndoo, vyote husimamishwa kwa pamoja: mkanda, maji na kinu. Mkanda ukishafungwa kufuli za usalama, mnapanda juu yake na futi, mnapima urefu mliokubaliana, mnatenga ncha mbili, kisha mnakusanya kila kilichopo katikati: mawe makubwa kwa mikono, madogo kwa beleshi, na vumbi kwa brashi ya rangi. Vumbi hilo la mwisho ndilo watu wavivu huliacha, na ndilo linaloharibu hesabu yote. Halafu mnafungua kinu na kuingia kupima mipira na mawe yamefika wapi.

Kazi hiyo humaliza zamu nzima na huumiza migongo. Mgodi mmoja ukiifanya peke yake unapata picha moja ya kinu kimoja, kinachosaga mbale ya aina moja. Humo huwezi kujua kama tatizo ni kinu, ni jiwe, au ni namna mnavyoendesha. Mitambo ishirini ikipimwa kwa utaratibu uleule, hapo ndipo unaanza kutenganisha tabia ya jiwe na tabia ya mashine. Hoja hiyo mpe meneja kabla hujamwambia habari ya kugawana gharama. Kugawana gharama ni kuzuri, lakini kampuni tajiri inaweza kulipa peke yake. Ambacho fedha zake hazinunui ni vinu vya wenzake.

Mfano mwingine wa jambo hilohilo ni jaribio la kudondosha uzito lililotoka kituo hicho cha JKMRC. Unachukua vipande vya jiwe vya ukubwa unaojulikana, unakiweka kimoja kimoja juu ya fuawe, unakidondoshea uzito kutoka kimo kilichopimwa, kisha unachekecha makombo. Mwisho unapata namba moja ya ugumu. Ikiwa ndogo, jiwe ni gumu kuvunjika. Namba hiyo ikikaa peke yake haisemi kitu. Inasema pale inapowekwa kwenye hazina ya majaribio ya migodi mingi, ukaambiwa jiwe lako ni gumu kuliko asilimia kadhaa ya yote yaliyowahi kupimwa. Jina la mgodi mwingine hulioni popote. Hivyo ndivyo siri na ushirikiano hukaa nyumba moja: ninyi mnajulikana kwa namba, na mnajipima kwa wote.

Hadi hapa nimesema mambo ya umeme na tani. Jambo linalonigusa zaidi ni jingine, nalo ni data za kushindwa.

Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook nchini Afrika Kusini uliporomoka, nguzo moja ikiangusha nyingine, na wachimbaji zaidi ya 430 wakabaki chini. Migodi ya namna ile huacha nguzo za makaa zibebe paa, na wakati ule ukubwa wa nguzo uliamuliwa kwa uzoefu na kwa kuangalia jirani amefanyaje. Baada ya msiba ule utafiti wa pamoja ulianzishwa, na Miklós Salamon na mwenzake Munro hawakuishia kuvunja vipande vidogo vya makaa maabarani. Walikusanya rekodi za migodi mbalimbali: sehemu 98 ambazo nguzo zake zilisimama, na sehemu 27 ambazo nguzo zake zilianguka. Mwaka 1967 wakatoa kanuni inayounganisha upana wa nguzo, kimo chake na nguvu yake. Kwa kanuni hiyo, ukiongeza upana maradufu, nguvu ya kila mita ya mraba inapanda kwa kama asilimia 38 tu. Ukiongeza kimo maradufu, inashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Kutoka hapo ukaja utaratibu wa kubuni nguzo kwa kipimo cha usalama cha 1.6, yaani nguvu ya nguzo iwe mara 1.6 ya mzigo inaoubeba, ulioenea katika migodi ya makaa ya nchi hiyo.

Tazama zile 27. Bila hizo hakuna kanuni. Sehemu 98 zilizosimama zinakwambia tu kwamba zilisimama; hazikwambii zilikuwa zimebakiza kiasi gani kabla ya kuanguka. Mpaka kati ya salama na hatari unachorwa na zilizoanguka, na mgodi mmoja, kwa kudra za Mungu, hauna nguzo zilizoanguka za kutosha kuchora mpaka wowote. Kila rekodi kati ya hizo 27 ni mahali ambapo mtu alikubali kufungua daftari lake na kusema, hapa kwetu paliporomoka, vipimo vilikuwa hivi. Nikiwaza ni watu wangapi walifanya kazi chini ya nguzo zilizobuniwa kwa kanuni ile wakarudi nyumbani jioni, naona hakuna mchango wa fedha unaofikia ule wa daftari.

Kwa hiyo mradi wenu wa usagaji nao upimeni kwa kigezo hicho. Je, kampuni zitaleta siku ambazo kinu kilifurika? Zitaleta bamba zilizopasuka kabla ya wakati, na jaribio la mipira mikubwa lililopandisha gharama bila tani kuongezeka? Au kila mmoja ataleta mwezi wake bora? Nimekaa kwenye mikutano ya aina zote mbili. Ule wa miezi bora unapendeza, una picha nyingi, na watu huondoka kama walivyokuja. Kwenye mmoja wa aina ya pili, mhandisi kijana alisimama akaonyesha mchoro wa wiki mbili alizopoteza kwa kuamini kipimo cha uzito kwenye mkanda ambacho kilikuwa kinasoma juu. Watu watatu waliinua mikono hapohapo: na sisi tuna kipimo cha aina hiyo. Hiyo tu ilitosha kulipa ada za mwaka mzima.

Yako maeneo ambayo sekta imeshakubali kwamba kufungiana hakufai. Maji yenye asidi yanayotoka kwenye miamba ya salfaidi ni moja. Kanada ilianza mpango wa pamoja wa serikali na kampuni, uitwao MEND, mwaka 1989, na miongoni mwa mambo uliyoyachunguza ni kufunika mabaki ya mgodi kwa maji, kwa sababu oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mara elfu kumi kuliko hewani. Mwaka 1998 kampuni kubwa zikaunda mtandao wa kimataifa wa INAP, uliotoa mwongozo wa wazi mwaka 2009. Mabwawa ya topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kutoa madini, nayo yamefuata, ingawa kwa gharama ya damu: baada ya bwawa la Brumadinho nchini Brazil kupasuka Januari 2019 na kuua watu 270, kiwango cha kimataifa cha kusimamia mabwawa kilitolewa Agosti 2020. Inaniuma kwamba mara nyingi tunasubiri msiba ndipo tufungue madaftari.

Sasa ile ripoti kabatini. Hapa meneja wako ana haki, ila kosa linalofanya ripoti ilale kabatini haliko chuoni peke yake. Nilifuatilia mradi mmoja ambamo migodi miwili ililipa ada ileile na kupata taarifa zilezile. Wa kwanza ulimteua mhandisi mmoja, ukampa siku nne za kazi kila mwezi kwa ajili ya mradi, na ruhusa ya kusimamisha mtambo kwa kipimo mara mbili kwa mwaka. Mwanafunzi wa uzamivu alipokuja, alilala kambini kwao wiki sita na akajua majina ya waendeshaji wa zamu zote. Wa pili ulilipa kwa wakati, ukatuma mtu tofauti kila mkutano kulingana na nani yuko zamu, na sampuli zao zilichelewa hadi mwaka wa tatu. Mwishoni mgodi wa kwanza ulikuwa umeshabadilisha nafasi za chujio la kinu na kasi yake miezi mingi kabla ripoti haijaandikwa. Ripoti kwao ilikuwa kumbukumbu ya kilichokwisha kufanyika. Wa pili ulisubiri ripoti. Ilipofika, hapakuwa na mtu pale aliyejua ile namba ya jedwali la tano ilitokana na nini, hivyo hapakuwa na aliyethubutu kuitumia.

Matokeo ya utafiti husafiri ndani ya mtu. Karatasi huja nyuma.

Kuhusu mkataba, sitakuchosha, maana mwanasheria wenu anaujua kuliko mimi, lakini yapo mambo ambayo mwanasheria asiye wa madini huyapita. Hakikisheni mnachokuja nacho kinabaki chenu, na kimeandikwa kwa orodha kabla ya siku ya kwanza. Mkigombana baadaye kuhusu nani alikuwa na wazo, orodha hiyo ndiyo itakayoamua. Data ghafi ishikwe na chuo, wenzenu wapate zilizofichwa majina, na pawe na mtu mmoja chuoni anayewajibika nayo kwa jina. Mwanafunzi lazima achapishe, vinginevyo hahitimu, kwa hiyo msiombe haki ya kuzuia makala. Ombeni muda wa kuisoma kwanza, siku kadhaa zinazotajwa, ili muondoe kinachowataja. Na pale mezani na washindani msizungumzie bei, zabuni, mishahara wala mipango ya uzalishaji, hata wakati wa chai. Sheria za ushindani za nchi nyingi hazijali kwamba mlikutana kwa ajili ya sayansi.

Jambo moja zaidi kwenye mkataba, ambalo ningelipigania: kikao cha nusu ya mradi chenye mamlaka ya kubadilisha mwelekeo. Miaka mitatu ni mingi. Mnaweza kuanza na swali la kasi ya kinu, mkagundua mwaka wa kwanza kwamba umeme mwingi unapotea kwa sababu saikloni zinarudisha kinuni chembe ambazo zimeshasagika vya kutosha. Mradi usioweza kugeuka utaendelea kujibu swali la kwanza hadi mwisho, kwa uaminifu kabisa, na bila faida.

Je, kuna wakati wa kukataa? Upo. Kama tatizo lenu ni la jiwe lenu tu, mradi wa pamoja utalipunja. Mbale ya McArthur River huko Australia iligunduliwa mwaka 1955, lakini madini yake yalikuwa membamba mno kiasi kwamba yalihitaji kusagwa hadi mikroni 7 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hakuna kikundi cha kampuni tano ambacho kingekubali kuweka hilo mbele ya mambo yake. Mount Isa Mines ilitafuta mshirika mmoja, kampuni ya Netzsch ya Ujerumani iliyokuwa ikitengeneza vinu vidogo vya kusaga vitu kama rangi, wakakuza mashine hiyo hadi ikawa IsaMill, na mgodi ukafunguliwa mwaka 1995. Ilikuwa kazi ya wawili, yenye mkataba wa wawili, na ilistahili kuwa hivyo. Mkiona kwenye orodha ya mradi mlioalikwa kwamba hakuna kampuni nyingine yenye jiwe linalofanana na lenu hata kidogo, mwambieni profesa mapema, na muulize kama anaweza kuwafanyia kazi ninyi peke yenu.

Kwa mlivyonieleza, lakini, swali lenu ni la umeme kwenye usagaji, na katika mitambo mingi hakuna hatua inayokula umeme kuliko hiyo. Hilo ni la wote, na ningeingia.

Ila kabla hamjajibu barua, fanyeni kipimo kimoja cha mtambo wenu wenyewe, kwa utaratibu niliousimulia, hata kama ni kwa ndoo za kuazima. Mtafika kikao cha kwanza mkijua mnauliza nini, na chuo kitawaheshimu kwa namna nyingine. Kisha katika barua ya kukubali, chini ya mstari wa kiasi cha mchango, pawe na mstari wa pili wenye jina la mhandisi atakayehudhuria mikutano yote kwa miaka mitatu, na idadi ya siku alizopewa kila mwezi, na saini ya meneja mbele yake. Natamani jina hilo liwe lako. Meneja akikubali kusaini mstari wa mchango na kuukataa ule wa jina, basi mwaka huu msiingie. Mwombeni profesa awawekee nafasi kwenye awamu ijayo.